Robine ikikauka, mtoto ndiye analipa

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya mkutano mkuu wa chama, kabla ya mazungumzo juu ya kese ya maji)

Tunasema kwa niaba ya kikosi chetu chote cha uwanjani, wale mnaowaona kila juma wakipima klorini kwenye robine na kupima mikono ya watoto kwenye kituo cha afya.

Mmetuomba tuseme juu ya maji, chakula na afya. Tungeweza kurudia yale mnayoyajua: chemsha maji, nawa mikono, jenga choo. Mliyasikia kambini, mliyasikia siku mliposhuka kwenye meli, mmeyasikia hapa mara nyingi. Yote ni kweli. Lakini leo tunataka mtoke hapa mmebeba neno moja tu, nalo ni hili: kuwa na robine si sawa na kuwa na maji. Kinachomlinda mtoto ni maji safi yanayotoka leo, kesho na kesho kutwa, bila kukatika. Mtoto akinywa maji ya robine siku tano, halafu akanywa ya ziwani siku mbili, zile siku mbili zinaweza kuharibu kazi yote ya zile tano.

Tunalisema leo kwa sababu mchana mtapiga kura juu ya makuta ya chama. Mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kujenga robine mpya katika mtaa wa juu. La pili ni kuanzisha kese ya matengenezo kwa zile robine tulizo nazo, ambazo baadhi yake mnajua wenyewe zinatoka maji siku gani na zinalala siku gani. Sisi si wanachama wenye kura. Lakini mmetuita tuseme tunachokiona, na tutakisema wazi.

Uvira ilitufundisha nini

Mfano hatuuchukui mbali. Tunauchukua Uvira, mji ambao wengine wenu mliupitia mkirudi kutoka Kigoma.

Kolera si mgeni kwenye ziwa letu. Toka mwisho wa miaka ya 1970 imekaa kwenye pwani hii, Uvira, Fizi, Kalemie, inalala na kuamka. Kila mmoja hapa ana jina la mtu moyoni. Sasa, watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao wa hapa Congo walifanya kazi moja nzuri sana. Walichukua daftari za kituo cha kutibu kolera cha Uvira, toka 2009 hadi 2014, wakaangalia siku kwa siku ni wagonjwa wangapi waliingia. Halafu wakachukua hesabu za maji ya mji: kila siku, ni maji kiasi gani yalisukumwa kwenye mabomba. Wakaziweka daftari mbili kando kwa kando. Matokeo yalitolewa 2015.

Walikuta nini? Siku moja ikipita bila maji ya bomba, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo maji yanatoka vizuri. Kwa maneno ya sokoni: penye wagonjwa 10 mnapata zaidi ya 25. Na walipopiga hesabu ya miaka yote ile, waliona kwamba karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne aliletwa na maji ya bomba yasiyotosha.

Kuna jambo jingine ndani ya kazi ile ambalo watu wengi hawalisemi. Mitaa iliyokuwa inatumia sana maji ya robine ilikuwa na wagonjwa wachache kwa jumla. Hiyo ni habari njema: robine inalinda. Lakini mitaa hiyo hiyo ndiyo iliyoumizwa zaidi siku maji yalipokatika. Nasi tukitazama tunaelewa. Aliyezoea robine ameiamini. Hana klorini nyumbani, hana akiba ya maji, hajui tena sehemu gani ya mto ina nafuu. Robine ikimtupa, anaanguka kutoka juu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, ukijenga robine usiyoweza kuitunza, umewapa watu kitu cha kuegemea ambacho siku moja kitavunjika chini ya mkono wao.

Kwa nini siku moja inazaa siku nyingi

Mtauliza: maji yakikatika Jumatatu na kurudi Jumanne, kwa nini ugonjwa unaendelea? Tunaona sababu nne.

Ya kwanza, watu wanarudi ziwani na mtoni. Hatuwalaumu. Kiu haingoji fundi.

Ya pili, bomba lenyewe. Bomba likiwa limejaa, maji yanasukuma kutoka ndani kwenda nje. Palipo na ufa, maji safi yanavuja. Bomba likiwa tupu, mambo yanageuka: uchafu wa mtaro unaingia kupitia ufa ule ule. Maji yakirudi, ya kwanza kufika kwenye bidoni ni yale yaliyolala na uchafu. Ndiyo maana tunawaambia kila mara: robine ikirudi baada ya kukauka, yaacheni maji ya mwanzo yapite, muyatumie kufua au kumwagilia, si kunywa.

Ya tatu, watu wanaweka maji muda mrefu. Ukijua kesho hakuna, unajaza kila sufuria na kila beseni. Klorini inapungua kadiri maji yanavyokaa, hasa kwenye chombo kisichofunikwa. Mkono wa mtoto unaingia, kikombe kinaingia. Maji yaliyotoka robineni yakiwa safi yananyweka siku ya tatu yakiwa machafu.

Ya nne ndiyo kubwa kwetu tunaozungumza juu ya chakula: maji yakiwa kidogo, watu wanakata matumizi. Na wanachokata kwanza ni kunawa.

Tupige hesabu pamoja. Nyumba ya watu saba. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yanafuata, hata katika dharura, ni lita 15 kwa mtu kwa siku angalau. Saba mara 15 ni lita 105, yaani bidoni tano za lita 20 na kidogo. Robine ikiwa karibu, kwenda, kupanga foleni na kurudi nusu saa, mama au binti atatumia saa mbili na nusu. Ni kazi, lakini inafanyika. Sasa robine imekauka, na chemchemi nyingine ni mwendo wa saa moja kwenda na kurudi. Bidoni tano ni saa tano. Nani ataweza? Ataleta bidoni mbili. Lita 40 kwa watu saba hazifiki lita sita kwa mtu. Hapo mtakunywa na mtapika. Kunawa mikono baada ya choo, kuosha sahani, kumwogesha mtoto, kufua nepi: hayo yote yamekufa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mzembe.

Kutoka kwenye bidoni mpaka bwaki

Wengi wanafikiri bwaki ni ugonjwa wa kukosa chakula tu. Chakula kikikosekana, ndiyo, mtoto anakonda au anavimba. Lakini kwenye kituo cha afya tunawakuta watoto ambao nyumbani kwao kuna bugali, kuna sombe, hata ndagala zipo. Mama analia: «Anakula, lakini chakula hakimsaidii.» Mama huyo anasema kweli.

Mtoto akiharisha, chakula kinapita kabla mwili haujakichukua. Hamu ya kula inaondoka. Homa inakula nguvu zilizobaki. Akipona baada ya juma moja, anahitaji siku nyingi za kula vizuri ili arudishe kilichopotea. Kabla hajarudisha, anaharisha tena. Mara tatu, mara nne katika mwaka, na kila mara anaanza chini kuliko pale alipoanzia zamani. Tena kuna ubaya usioonekana: mtoto anayemeza uchafu kila siku, hata kama haharishi, utumbo wake unakuwa kama umechubuka ndani. Unanyonya chakula vibaya. Hapo ndipo tunapata mtoto wa miaka mitatu mwenye urefu wa mtoto wa miwili.

Angalieni pia saa za mama. Mtoto wa miezi 9 hadi 23 anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Tumbo lake ni dogo, hawezi kula kwa mara moja chakula cha siku nzima. Mama aliyeamka saa kumi za usiku kwenda kutafuta maji atapika uji mara moja. Uji wa asubuhi utakaa kwenye sufuria mpaka jioni, kwa joto letu hili la ziwani. Vijidudu vinazaliana humo. Jioni mtoto anapewa kilichobaki, wakati mwingine bila kuchemshwa, kwa sababu hakuna maji ya kupika upya na kuni zimeisha. Mtu wa mbali akitazama atasema mama hajui kulisha. Anajua! Alichokosa ni maji na saa.

Hata maharagwe. Mfuko wa maharagwe ni protini ya maskini. Lakini maharagwe yanataka kulowekwa usiku na kuchemshwa muda mrefu, na maji yanaongezwa tena na tena. Nyumba isiyo na maji inaacha maharagwe, inakula bugali na mboga kidogo. Mnaona? Chakula kipo sokoni, makuta labda yapo, lakini maji ndiyo yanayoamua kipi kitapikwa.

Na mtoto ambaye tayari amepimwa mkono akawa chini ya sentimita 11.5, anaingizwa kwenye mpango wa matibabu na kupewa ile karanga ya pakiti, Plumpy'Nut. Haihitaji kuchanganywa na maji, na hilo ni jambo jema. Lakini ni tamu na nzito, inaleta kiu, na mtoto lazima anywe maji safi pamoja nayo. Akinywa maji machafu, dawa inaingia kwa mkono wa kulia na ugonjwa kwa mkono wa kushoto.

Muhogo nao unadai maji

Hapa kwetu hatuwezi kusema juu ya chakula tukaacha muhogo. Muhogo mchungu una sumu. Babu zetu walijua dawa yake: kuuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo uanikwe na kusagwa. Ukifupisha siku hizo kwa njaa, kwa haraka ya kuuza, au kwa kukosa maji, sumu inabaki kwenye unga.

Kule Kahemba, upande wa Kwango, watu wamekula muhogo usioiva kwenye maji wakapata konzo: miguu inakakamaa ghafla, haifunguki tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake, hasa wale wanaokula muhogo tu bila samaki, nyama wala maharagwe. Visa vya konzo vimeandikwa hata hapa Kivu Kusini katika miaka ya vita. Hatulisemi ili kuwatisha. Tunasema mjue kwamba maji si ya kunywa tu. Maji ni sehemu ya mapishi yetu toka shambani.

Kwa nyumba ambazo zina wasiwasi na unga wake, kuna njia iliyofundishwa huko Kahemba: changanya unga na maji mpaka ulowane, utandaze mwembamba kama unene wa kidole juu ya mkeka au beseni, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu upike bugali jioni hiyo hiyo. Sumu nyingi inatoka na hewa. Lakini hata njia hiyo inaanza na neno lile lile: maji.

Tusidanganye wafadhili, wala tusijidanganye

Sasa tuseme na ninyi wafadhili, na wanachama wasikie.

Kuna watu wanaokuja na kusema: tutagawa klorini na vyombo vya kunawia, na watoto watakua warefu. Jambo hili lilipimwa kwa uangalifu mkubwa Bangladesh, Zimbabwe na Kenya ya magharibi, kwa maelfu ya watoto. Familia zilipewa klorini, vyoo vilivyoboreshwa, mahali pa kunawa mikono. Matokeo yalitoka 2018 na 2019. Urefu wa watoto haukubadilika kwa sababu ya vitu hivyo. Kule Bangladesh kuhara kulipungua, Kenya hakukupungua. Waliopewa chakula cha nyongeza ndio walioongezeka urefu, na hata hapo ni kidogo.

Wengine waliposoma hayo walisema: basi, maji hayana kazi. Hapana. Sisi tunaelewa hivi: kibonge cha klorini hakiwezi kubeba mzigo wa bomba. Familia zile ziliendelea kuchota pale pale, mbali kama zamani, katika uwanja ule ule wenye mavi ya kuku na mbuzi ambamo mtoto anatambaa. Kumpa mama kibonge huku maji yenyewe ni kidogo ni kumpa sabuni bila maji. Kinachotakiwa ni maji mengi, karibu, safi, kila siku, na chakula juu yake.

Kwa hiyo tunaomba tusiahidi kwamba robine moja itamaliza bwaki. Tuahidi tunachoweza kuonyesha: kwamba robine zilizopo zitatoka maji siku zote za mwaka, na siku zisipotoka itaandikwa kwenye daftari, na itajulikana nani aliitwa na alifika lini.

Kura ya mchana

Tunajua hoja ya wale wanaotaka robine mpya, na ni hoja ya haki. Mtaa wa juu hauna hata moja. Wamama wa kule wanashuka usiku. Wanauliza: ninyi mtatengeneza vyenu na sisi tutangoja mpaka lini? Hatuna ruhusa ya kuwajibu kwa dharau.

Lakini tuangalie mambo jinsi yalivyo. Robine ya mtaa wa juu itafungwa kwenye bomba lile lile linalolala. Siku bomba la chini likikauka, ya juu ndiyo itakauka kwanza, kwa sababu maji hayapendi kupanda. Tutakuwa tumewatoa kwenye chemchemi yao waliyoizoea, tukawapa ile hatari tuliyoiona Uvira. Ndiyo maana tunasema kese ianze, bomba litengenezwe, ndipo robine ya juu ijengwe, na iandikwe kwenye uamuzi wa leo kwamba mtaa wa juu ndio unaofuata. Iandikwe, isibaki mdomoni.

Kese itatoka wapi? Chukueni mfano. Robine moja ina nyumba 60. Kila nyumba ikitoa franka 500 kwa mwezi, ni 30 000. Kwa mwaka ni 360 000. Haijengi mradi, lakini inanunua vali, viungio na mipira ya kuzuia kuvuja, na inamlipa fundi siku anapoitwa, bila kungoja gari la shirika. Kwenye likelemba mnazungusha makuta zaidi ya hapo, na hayapotei, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake. Kese ya maji nayo ni likelemba, ila anayepokea zamu ni bomba.

Tunajua kinachouma. Kule Nyarugusu na Lugufu maji hayakulipiwa. Mtu alipanga foleni, akajaza, akaondoka. Fundi alikuwepo, klorini ilikuwepo, na kikiharibika kitu, shirika lilikuja. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi akirudi nyumbani na kuambiwa «lipa maji», anaona ameonewa. Lakini kambini maji yale yalikuwa na mlipaji, ila hatukumwona. Hapa mlipaji akikosekana, atalipa mtoto, na atalipa kwa mwili wake.

Tena, mto hautuombi ruhusa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukachukua watu na nyumba, na mtambo wa maji wa mji ukaharibika. Kilichojengwa kwa miaka kinavunjika usiku mmoja. Mtaa wenye makuta kidogo kesini na fundi anayejulikana unaanza kutengeneza asubuhi yake. Usio na kitu unaanza kuandika barua.

Tunapendekeza mambo matano, mkiyaona mazuri.

1. Daftari ya kese isomwe kwa sauti mbele ya watu kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichotumika. Makuta yasiyosomwa yanazaa maneno.

2. Wanaochota ndio washike kese. Tunataka kusema wamama, si kwa kuwapendeza, bali kwa sababu wao ndio wa kwanza kujua robine imelala.

3. Wajane, wazee wasio na mtu na nyumba zilizofika mwezi huu wasitoe. Majina yao yapitishwe wazi mbele ya wote, ili asiwepo wa kuchota kwa aibu.

4. Kila robine iwe na vijana wawili waliofundishwa kazi ndogo ndogo, na vipuri viwe ndani ya mtaa. Barabara ikifungwa, kipuri kilichoko mjini ni sawa na hakipo.

5. Akiba ya klorini iwepo kwa ajili ya siku za ukavu. Siku bomba linalala, komite isingoje ugonjwa. Igawe siku hiyo hiyo. Mmeona hesabu: hatari haimalizi siku moja.

Na ninyi wafadhili, ombi letu ni moja. Mkija kututembelea, msiulize tu ni robine ngapi zimejengwa. Ulizeni ni ngapi zilizojengwa miaka mitatu iliyopita bado zinatoka maji leo asubuhi. Kipande cha bomba kilichobadilishwa chini ya udongo hakina picha nzuri wala kibao cha jina, tunajua. Lakini ndicho kinachomzuia mtoto kuingia kwenye kituo cha kolera.

Siku ile robine inalala

Kabla hatujaketi, tuseme tena ya kufanya siku hiyo, maana kura haitengenezi bomba kesho.

Maji ya kunywa tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mngoje nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na matope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu klorini inamalizwa na matope. Asiye na klorini achemshe mpaka yabubujike kweli, halafu ayaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa. Bidoni ya kunywa iwe peke yake, yenye mdomo mwembamba. Mwaga, usitumbukize kikombe.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Hata maji safi asipewe. Maziwa ya mama yana maji yanayomtosha. Basi, siku ya ukavu, kikombe cha kwanza cha maji safi ni cha mama anayenyonyesha.

Mtu akianza kuharisha maji maji, msingoje. Ugonjwa wa kolera unaweza kuua mtu kwa saa chache, lakini akinyweshwa mapema na akafikishwa kwenye matibabu, karibu wote wanapona. Mpeni maji ya pakiti ya ORS. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo, anywe kidogo kidogo huku mnampeleka kituoni. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya na kula, na mwombeni muganga vidonge vya zinki; vinatolewa siku 10 hadi 14, na msivikatishe kwa sababu tu kuhara kumekoma.

Ndugu zetu, mlirudi nyumbani mkiwa na mikono mitupu, mkajenga upya nyumba, mashamba, shule na chama hiki. Mtu hawezi kuwaambia kwamba hamjui kutunza kitu. Tunachoomba ni kwamba akili ile ile iliyotunza likelemba itunze bomba. Sisi tutaendelea kupita kila juma na kipimo chetu cha klorini, na tutawaambia ukweli, hata siku ambayo hautapendeza.

Sasa neno ni lenu.